Hitler Hakupandishwa na Majini

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu "nguvu za giza" zilizompa Hitler utawala ndiyo iliyonifanya niandike. Hadithi hiyo imezagaa vijiweni, kwenye video za simu, hata mimbarini: eti alikuwa na jini, eti siri yake ilitoka Tibet. Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu, kwani ndani ya hadithi hiyo mna ukweli, na ukweli wenyewe unatisha kuliko uchawi.

Vyama vya siri vilikuwapo kweli. Mwaka 1902 huko Vienna, mwandishi Guido von List alipasuliwa macho akakaa miezi kadhaa bila kuona. Alidai kwamba katika upofu huo alifunuliwa siri ya runi, yaani herufi za kale za Wajerumani, 18 kwa jumla. Ilikuwa njozi ya mtu mmoja, lakini watu waliipokea kama urithi wa mababu, na runi mojawapo ikaja kushonwa mara mbili kwenye kola za SS, kikosi cha Wanazi kilichovaa sare nyeusi. Mwenzake, Lanz von Liebenfels, aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha jarida la Ostara mwaka 1905, akahubiri kwamba watu weupe wenye nywele za dhahabu wana asili ya kimungu na wengine wamechanganyika na wanyama.

Mwaka 1918 likazuka Munich kundi la Thule, likiongozwa na Rudolf von Sebottendorff. Mwanachama wake Karl Harrer alishirikiana na fundi Anton Drexler kuunda, Januari 1919, chama kidogo ambacho Hitler alijiunga nacho Septemba mwaka huohuo, nacho ndicho kilichokuja kuwa chama cha Wanazi. Gazeti la watu wa Thule ndilo lililokuja kuwa gazeti la Wanazi.

Hapo ndipo mwandishi wenu alipopotea. Mwaka 1928 Wanazi walipata asilimia 2.6 tu ya kura. Julai 1932, Wajerumani wapatao milioni 6 wakiwa hawana kazi, walipata 37.3. Kama ni jini, mwaka 1928 lilikuwa wapi? Na aliyemkabidhi Hitler ukansela, yaani uongozi wa serikali, tarehe 30 Januari 1933 ni Rais Hindenburg, baada ya wanasiasa kama Franz von Papen kumshawishi, wakidhani watamtumia. Mpaka hapo sioni mganga yeyote.

Kazi ya imani zile ilikuwa nyingine: ziliipa chuki utakatifu. Ukishaaminishwa kwamba damu yako ni ya miungu, jirani yako Myahudi si mtu wa kubishana naye tena, ni najisi ya kuondolewa. Wala huwezi kumpinga anayesema hivyo, maana ushahidi wake anaujua yeye peke yake. Baadaye makarani walifungua daftari za ubatizo kutafuta nani ana bibi Myahudi, na mahakimu wakahukumu kwa kufuata daftari hizo. Tukisema Hitler alikuwa mchawi, hao wote tunawafutia hatia.

Himmler, mkuu wa SS, ndiye aliyezama zaidi katika imani hizo. Mshauri wake, Karl Maria Wiligut, aliyewahi kufungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, alidai kukumbuka mambo ya mababu wa maelfu ya miaka, naye ndiye aliyebuni pete ya fuvu ya SS. Mwenye pete akifa, ilitakiwa irudishwe kwenye ngome ya Wewelsburg, ambayo Himmler alitaka iwe kitovu cha SS. Kwenye sakafu ya mnara wake wa kaskazini kuna alama ya jua lenye miale 12. Mwaka 2019 muuaji wa waumini 51 katika misikiti ya Christchurch, New Zealand, aliiweka alama hiyohiyo kwenye maandiko yake. Njozi hizi bado zinaua, na zinaua watu wakiwa kwenye sala ya Ijumaa.

Mmeahidi sehemu ya pili. Tafadhali, isiwe juu ya majini. Ngome ile ya Wewelsburg ilijengwa upya na wafungwa wa kambi iliyowekwa kando yake, Mashahidi wa Yehova, mateka wa Kisovieti na wengineo, na si chini ya 1,285 kati yao walikufa. Andikeni habari zao.

Msomaji wenu,
Tanga