Bima ya kioo cha mbele: jiwe linalipwa, mchanga haulipwi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo madereva wa nchi za jangwa huligundua wakiwa tayari wamejaza fomu ya madai. Kioo cha mbele huharibiwa na jiwe, na huharibiwa na mchanga. Bima hulipa la kwanza, la pili kwa kawaida hailipi.

Habari ya jiwe inaeleweka. Lori limekutangulia, tairi linarusha kokoto, unasikia "ta!" na kioo kimebaki na alama kama nyota. Hilo ni tukio la ghafla, na mwenye bima kubwa hudai. Mwenye bima ndogo, ile ya kulipa hasara za watu wengine, ajitengenezee mwenyewe.

Mchanga ndio wenye fitina. Sehemu kubwa ya mchanga wa majangwa mengi ni kwatzi, madini magumu ambayo katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini, ina 7, na kioo hakifiki hapo. Kwa hiyo kila safari ya upepo na vumbi hukikwangua kidogo, kisha waipa zikipita juu ya kioo kikavu humalizia. Miaka inakwenda, hadi jioni moja unaelekea jua linapotua na mbele yako huoni barabara, unaona weupe mtupu. Kwangu mimi kioo cha namna hiyo ni cha hatari kuliko chenye ufa mdogo pembeni. Ukidai, unaambiwa ni uchakavu.

Sipingi kanuni yenyewe. Hakuna bima inayonunua tairi zilizolika. Ninachopinga ni pale ilipoandikwa: kwenye orodha ya visivyolipwa, kurasa za nyuma, jirani na vita na mionzi ya nyuklia! Mtu anayeishi penye mchanga anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatoa pesa. Tena aelezwe kuhusu dhoruba, maana dhoruba moja kali inaweza kukwangua kioo kizima kwa muda mfupi, na hilo si uchakavu. Mwenye picha ya kioo chake kabla ya dhoruba ana hoja. Asiye nayo atabishana sana.

Nirudi kwenye ile nyota ndogo, kwa kuwa watu wengi huipuuza. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana jiwe hukijeruhi upande wa nje tu na hakimwagiki. Sasa gari limeegeshwa juani mchana kutwa, kioo kinaunguza mkono. Unaingia, unafungua kiyoyozi hadi mwisho na kuelekeza hewa kwenye kioo. Ndani kinapoa na kusinyaa, nje bado kimetanuka, na mvutano wote unakimbilia pale palipojeruhiwa. Ufa unatambaa huku unautazama. Kumwagia kioo maji baridi ili kuondoa vumbi huleta balaa lile lile. Alama isiyozidi sarafu ndogo, ikiwa haiko mbele ya macho ya dereva, fundi huijaza resini, gundi angavu inayoganda, na kazi imekwisha, mradi vumbi halijaingia. Kipande cha selotepu kinatosha kuiziba hadi umfikie. Ufa mrefu unataka kioo kipya.

Hapo bima nyingi zinajipinga zenyewe. Zinamtaka mteja achangie kiasi fulani kabla hazijalipa, na kiasi hicho mara nyingi kinazidi gharama ya kujaza resini. Basi anaacha, ufa unakua, na kampuni inalipia kioo kizima. Zipo kampuni zinazofuta mchango huo kwa matengenezo madogo, nazo zinajua hesabu. Nchini Marekani, sheria ya Florida inaondoa mchango huo kwa kioo cha mbele kwa kila mwenye bima kubwa. Arizona, kwenye jangwa lenyewe, sheria inailazimu kampuni kumpa mteja nafasi ya kuchagua hivyo, na asiyechagua anachangia. Ajabu ni kwamba mwenye mchanga ndiye anayetakiwa kukumbuka kuomba!

Kuna na suala la kamera. Magari mengi mapya yana kamera nyuma ya kioo cha mbele, inayosoma mistari ya barabara na kusaidia breki za dharura. Kioo kikibadilishwa, mara nyingi kamera hiyo lazima ipimwe na kurekebishwa upya, kazi inayoweza kuongeza gharama kwa kiasi kikubwa. Hati za bima za zamani hazisemi lolote juu ya kazi hiyo. Kampuni zikitaka kujibu barua yangu, zianze na hilo: gharama ya kurekebisha kamera ni sehemu ya kioo, au ni ya mteja?

Wako,
Dereva na msomaji wako