Baada ya "panda gari", tupandisheni jukwaani

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kituo cha Taifa cha Utamaduni cha Uganda,
Kampala.

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Nakuandikia mapema, kabla hamjafunga ratiba yenu ya filamu, muziki na mihadhara ya miezi ijayo, maana ratiba ikishabandikwa ukutani haisikii tena la mtu. Ombi langu ni moja: tupeni jioni moja kila mwezi iwe ya Kiswahili. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, peke yake haitutoshi. Siku hiyo tunavaa vitenge, tunasikiliza hotuba mbili za Kiingereza kuhusu umuhimu wa Kiswahili, tunakunywa soda na kwenda zetu.

Mimi nilizaliwa kota za reli, Nsambya. Pale mtoto wa Mteso, wa Mlugbara, wa Mluo na wa Mganda walitukanana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Nilipoanza shule upande wa pili wa mji ndipo nilipogundua kwamba lugha tuliyogombea mpira kwayo, wenzangu walikuwa wanaiogopa. Waulize watu wa Kampala wa rika langu maneno ya Kiswahili waliyoyajua kwanza. Wengi watakuambia: "panda gari". Mwanzoni mwa miaka ya 1980 askari walikuwa wakizingira mtaa, amri inatoka, watu wanajazwa kwenye malori, na wengine hawakuonekana tena. Kwa hiyo mama muuza duka akinikazia uso ninapomwambia "habari za leo", simlaumu.

Serikali nazo zimejaribu, kwa karatasi. Idi Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha tena, na kutaka kiwe somo la lazima shuleni. Ukihesabu, hizo ni amri tatu juu ya lugha ambayo tatizo lake lilikuwa amri tangu mwanzo.

Ndiyo maana naleta barua hii kwenu, siipeleki Bungeni, ingawa ni jirani zenu. Ukumbi wenu umesimama tangu 1959, na una kovu lake. Byron Kawadwa, mkuu wa ukumbi huo na mwandishi wa tamthilia za Kiluganda, alikamatwa na watu wa Amin mwaka 1977, muda mfupi baada ya kundi lake kurudi kutoka tamasha la FESTAC jijini Lagos, akauawa. Sidhani waliomchukua walimsemesha Kiluganda. Ningependa jukwaa alilolihangaikia lisikie Kiswahili cha namna nyingine: cha mzaha, cha kubembeleza, cha mtu anayemsema mkwewe.

Kwa upande wa filamu, ufundi tayari tunao mtaani. Nani Kampala hajawahi kuingia kibanda cha video? Picha ya Kihindi inakwenda, vijei ameshika maikrofoni, anaitafsiri papo hapo kwa Kiluganda, anatia chumvi, anampa jambazi jina la mwenye nyumba wake. Watu hawamlipii yule nyota wa Mumbai, wanamlipia vijei. Basi mwiteni mmoja afanye kazi hiyo ukumbini kwenu kwa Kiswahili cha Kampala, kile chenye Kiluganda kimejibanza ndani. Akikosea ngeli, mwacheni akosee. Watu wa Mombasa hawatakuwepo. Mwezi unaofuata geuzeni: leteni filamu ya Kiswahili, maana Zanzibar wana tamasha lao la filamu tangu 1998 na hawako mbali, vijei aitie Kiluganda. (Lipieni haki za filamu, tafadhali. Vibanda vimezoea kuliruka hilo, ninyi msiliruke.)

Muziki hauhitaji nauli ya ndege. Wakongo wanaokaa Katwe na Nsambya wanapiga gitaa makanisani kila Jumapili, na nyimbo zao nyingi ni za Kiswahili cha Goma na Bukavu. Wapeni jukwaa, spika zisizokwaruza, na malipo yao usiku huohuo.

Mihadhara ndiyo inayonitia wasiwasi. Makerere na Kyambogo kuna walimu wa Kiswahili, waiteni, lakini jamani, si watu sita nyuma ya meza ndefu na chupa za maji. Mtu mmoja, saa moja, kisha maswali. Na si lazima awe profesa. Mketisheni dereva wa lori wa njia ya Mombasa hadi Malaba mpaka Kampala, asimulie foleni ya mpakani ilivyomfundisha lugha. Mimi nitakaa mstari wa mbele.

Jambo la mwisho ni saa. Kuna ukumbi mmoja hapa jijini, sitautaja, ulitangaza onyesho la saa kumi na mbili jioni. Likaanza saa mbili na nusu. Tulitoka teksi zimeshakwisha barabarani, na bodaboda wa kunirudisha nyumbani alinitoza zaidi ya tiketi. Anayekaa Kyengera au Mukono hawezi kuja mara ya pili kwa hesabu hiyo. Anzeni saa kumi na mbili kweli, saa tatu tuwe barabarani. Na tangazo lisiishie kwenye intaneti. Liwekwe kwenye steji za teksi, kwa Kiswahili na Kiluganda, herufi kubwa.

Mkikosa mtu wa kulibandika Nsambya na Katwe, mnitumie karatasi. Gundi ninayo.

Wako,
Mtoto wa reli, Nsambya