Ganzi hiyo si uchovu

Mwanza

Ndugu yangu Juma,

Salamu zako na za watoto zimefika, nasi huku hatujambo. Ila tangu niisome barua yako sina raha. Ganzi hiyo ya vidole vya miguu, na ndala kukuvuka njiani usijue mpaka uitwe, usikubali kuambiwa ni uchovu. Mimi naishuku gundi ya viatu unayoshika kazini.

Gundi nyingi za viatu huyeyushwa kwa heksani, kimiminika kitokacho kwenye mafuta ya petroli. Mafundi wanaipenda kwa kuwa inakauka upesi. Lakini ikikauka imekwenda wapi kama si hewani? Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutuama chini, palepale unapokaa kwenye kigoda umeinamia soli. Ukishauvuta, mwili wenyewe unaugeuza kuwa sumu inayoharibu mishipa ya fahamu, ikianza na ile mirefu. Ndiyo maana vidole vya miguu hutangulia, mikono ikafuata, na mtu akiendelea kuivuta miguu hulegea hata ngazi zikamshinda.

Japani, miaka ya 1960, waliokuwa wakiunganisha ndala kwa gundi majumbani waliugua hivyo hivyo. Na huko Suzhou, China, karibu mwaka 2009, kiwanda kimoja cha vioo vya simu kiliacha kufutia vioo kwa spiriti kikahamia heksani, kisa inakauka haraka zaidi. Wafanyakazi 137 walidhurika, na wapo waliolazwa kwa miezi.

Maziwa anayowagawia msimamizi eti yaondoe sumu, kunywa kama chakula tu. Mvuke umeingia kwa mapafu, uko kwenye damu. Maziwa ya tumboni hayaufuati huko. Inaniuma sana watu wazima kupewa pakiti ya maziwa badala ya feni. Barakoa ya kitambaa nayo huzuia vumbi, mvuke unapita. Inayosaidia ni ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa, navyo hubadilishwa.

Nenda hospitali wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Piga picha maandishi ya kwenye kopo umwonyeshe daktari, umweleze kazi yako na chumba kilivyofungwa, maana asipojua atakuandikia vitamini akuache urudi kulekule. Umwombe na barua ya kukutoa kwenye gundi. Ukishatoka, hali inaweza kuzidi kwa wiki kadhaa kabla ya kutengemaa. Usikate tamaa ukaona tiba imeshindwa. Kunawa mikono kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia gundi na rangi, uache leo, hupenya hata kwenye ngozi.

Wenzako nao waambie. Msimamizi akikataa kufungua madirisha, nendeni pamoja OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na ulizieni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Nauli ikipungua niambie, nitakutumia kwa simu siku hiyo hiyo. Niandikie daktari alivyosema.

Wako,
Mashaka