Barua kwa mwanangu: bustani ya Bamburi ianze na kipupwe

Mombasa, Machi

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, sisi hatujambo, ila joto la kaskazi ndilo linalotumaliza. Barua yako nimeipata, pamoja na picha za majirani zako wa Glasgow wakichimbua vishamba vyao. Unauliza kama ukirudi Juni utaweza kuanza bustani ya mboga kwenye kiwanja cha Bamburi kwa mpango huohuo wao. Utaweza, lakini mpango wenyewe itabidi uugeuze. Huko mtu hungoja baridi impishe. Hapa tunangoja joto litupishe.

Jirani yako hatii njegere mpaka udongo ufike nyuzi 7 hivi, na nyanya atazilea ndani ya nyumba mpaka sakitu ya mwisho, yaani umande ulioganda kwa baridi, ipite. Hapa sakitu hatuijui. Kinachoua mche ni jua la Februari na Machi, mchana nyuzi 33 na usiku hauteremki sana chini ya 24. Nyanya ukizipanda sasa zitakua na kuchanua vizuri, kisha maua yaanguke moja moja, kwa kuwa chavua haikomai sawasawa usiku ukiwa moto. Wengi huilaumu mbegu, na mbegu haina kosa. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, kusi likivuma, mchana ni nyuzi 28 hivi na usiku 20 au 21. Hayo ndiyo majira ya sukumawiki, nyanya na dania katika pwani hii. Tena masika yatakuwa yameshaosha chumvi ardhini na kuyapunguza makali maji ya visima.

Kwa hivyo kupanda ni Juni, lakini udongo utengenezwe kuanzia sasa, na kazi hiyo ataifanya kaka yako.

Bamburi yote imekaa juu ya matumbawe ya kale. Mahali pengine pana mchanga wa kina, mahali pengine jembe linagonga jiwe kabla halijazama. Mwambie achukue mtaimbo apige tundu kila baada ya hatua mbili kiwanja kizima. Unapozama futi moja bila kugonga, hapo patafaa tuta. Panapogonga kabla ya nusu futi, asijisumbue na sululu, aweke gunia. Gunia la kilo 90 hujazwa karai tatu za udongo kwa karai moja ya mbolea iliyooza, na katikati husimamishwa mkebe usio na kitako uliojaa kokoto. Kadiri udongo unavyopanda, mkebe huvutwa juu na kujazwa tena, mpaka ibaki nguzo ya kokoto toka chini hadi juu. Bila nguzo hiyo maji yataishia juu, na miche ya chini itakauka gunia likiwa bado linaonekana limelowa. Matundu ya ubavuni yaachane shubiri moja, na humo sukumawiki hukaa vizuri mno.

Sasa jambo ambalo vitabu vya huko vitakupoteza nalo. Uskoti mvua nyingi huosha chokaa ardhini, udongo ukawa na asidi, ndiyo maana wapandaji wa kabichi huambiwa wanyunyize chokaa, na kweli hupunguza ule ugonjwa wa kuvimba mizizi. Udongo wetu ni chokaa tangu asili. Chota kiganja kimoja cha udongo mkavu, umwagie siki. Ukitoa povu, umepata jibu. Udongo wa namna hiyo haufai kuongezwa chokaa, wala majivu ya jikoni, hata kama kila mpita njia atakwambia majivu ni dawa ya wadudu. Majivu nayo huzidisha ukali uleule wa chokaa.

Dalili utaiona kwenye jani. Tazama majani machanga ya juu kabisa: mishipa imebaki kijani, na nafasi zote kati yake zimegeuka manjano, jani lote kama wavu. Hapo mmea umekosa madini ya chuma. Chuma kimo ardhini, ila chokaa imekifunga, mizizi haikipati. Lakini manjano ikianzia majani ya chini, ya zamani, na jani likafifia lote pamoja na mishipa yake, huo ni upungufu wa naitrojeni, na dawa yake ni mbolea. Watu huchanganya hali hizi mbili, wakamwaga mbolea mahali ambapo tatizo ni chokaa.

Dawa ya kudumu ya udongo wa matumbawe ni vitu vilivyooza, vingi, tena kila msimu. Ushahidi uko hapohapo Bamburi. Machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji yalikuwa jangwa jeupe, René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akaanza kuyapanda mivinje mwaka 1971. Majani ya mivinje yaliyoanguka hayakuoza haraka, mpaka wakaletwa majongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo ni msitu. Wewe huna haja ya kungoja miaka yote hiyo, maana mbolea ya ng'ombe inanunulika.

Kipimo ni debe moja la mbolea iliyooza kwa kila mita moja ya mraba mara ya kwanza, na nusu debe kila msimu baadaye. Iliyooza maana yake haina joto ukitia mkono, haina harufu kali, na majani makavu ndani yake hayatambulikani tena. Mbolea ya kuku iwe robo ya kipimo hicho, na ikae miezi miwili kwanza, la sivyo itaunguza mizizi. Kaka yako aichanganye ardhini mwanzo wa Aprili, kina cha shubiri moja, kisha afunike kwa majani ya mwembe au makuti yaliyochakaa. Mvua za Mei ndizo nyingi kupita mwezi wowote, na mchanga ulioachwa uchi huoshwa rutuba yote ikashuka chini.

Mbolea za dukani usizikimbilie. Ukilazimika, CAN ina chokaa ndani yake, kwa hivyo salfeti ya amonia hufaa zaidi hapa. Urea ukiinyunyiza juu ya udongo huu na kuiacha, sehemu kubwa hupotea hewani. Ifukie, halafu umwagilie.

Upana wa tuta usipite mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Urefu mita nne zatosha kwa kuanzia. Usilinyanyue kama wanavyofanya huko kwenye udongo mzito wenye maji. Mchanga wetu hukauka upesi, na tuta lililoinuka hukauka upesi zaidi. Nusu shubiri juu ya njia ni kimo cha kutosha, na kingo ziinuke kidogo ili maji yasikimbie.

Maji uyaonje. Ya mfereji hayana neno, ila hayatoki kila siku, kwa hivyo weka tangi na ukinge ya mvua. Ya kisima yakiwa na chumvi, maharagwe, karoti na vitunguu uvisahau kabisa. Spinachi huvumilia kuliko mboga zote, nyanya na kunde kiasi. Maji mazuri tumia debe moja kwa siku kwa tuta la mita nne, nusu asubuhi na nusu jioni, maana mchanga hauwezi kuweka akiba. Ya chumvi hutumiwa kinyume chake: mara chache, lakini mengi kwa pamoja, ili chumvi ishuke chini ya mizizi badala ya kujikusanya juu. Yasiguse majani. Na kitalu kimwagiliwe maji matamu tu.

Kitalu kianze wiki ya mwisho ya Mei, kabla hujafika. Nyanya na sukumawiki hukaa humo wiki nne, mabiringani tano hadi sita. Mistari iachane vidole vinne, mbegu ifukiwe si zaidi ya sentimita moja, na juu pawe na kivuli cha kuti lililoinuliwa kimo cha kiuno. Kuti likilala juu ya miche, hewa haipiti na kinyausi huingia: shina hubanika usawa wa ardhi, linakuwa jembamba na jeusi, mche unalala chini asubuhi moja ilhali jana ulikuwa mzima. Chanzo ni kubanana na maji mengi ya jioni. Kitalu kimwagiliwe asubuhi tu, na miche ipunguzwe mapema. Huruma ya kutong'oa miche ndiyo inayoua kitalu. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza kivuli kidogo kidogo. Hapo mnafanana na watu wa Glasgow, wao huizoesha miche baridi, sisi tunaizoesha jua.

Kuhamisha ni jioni. Sukumawiki mashina yaachane sentimita 45 kila upande, nyanya 45 kwenye mstari na 60 kati ya mistari, mabiringani 60 kwa 75. Mchicha hauhitaji kitalu. Mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu mara kumi ya ujazo wake, umwage katika mifereji ya nusu sentimita. Siku tatu hadi tano umeota, na wiki ya nne unang'oa wa kwanza. Kunde panda palepale, shubiri moja kati, uchume majani machanga kabla hazijachanua. Mabamia yanapenda joto, yaache mpaka Septemba, vuli ikikaribia. Roweka mbegu usiku mmoja, na yakianza kuzaa yachumwe kila siku mbili yakiwa na urefu wa kidole cha kati. Ukichelewa yanakuwa na nyuzi, hata ukiyapika mchana kutwa.

Upande linakotoka kusi, panda mbaazi mstari mmoja mwezi wa nne. Upepo huo hubeba chumvi ya bahari, na ncha za majani zikionekana zimeungua bila ya ugonjwa, sababu ni hiyo.

Adui mkubwa wa mchanga ni minyoo fundo. Huwaoni. Utaona bamia au nyanya inanyauka mchana na kuamka jioni, haikui, ijapokuwa maji inapata. Ing'oe uitazame mizizi. Ikiwa na mafundo yaliyo sehemu ya mzizi wenyewe, ndio wao. Usiyachanganye na vijinundu vya kunde, ambavyo hubanduka kwa ukucha na ndani ni vyekundu-waridi. Hivyo ni neema, hutengeneza naitrojeni. Tuta lenye minyoo usirudishe nyanya, bamia wala biringani misimu miwili, weka vitunguu. Na Februari ijayo, jua hili hili tunalolilaumu litumie: lowesha tuta, lifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, kingo uzifukie, uache wiki sita. Joto la ndani huwaua wengi.

Vidukari na nzi weupe hutulizwa na mwarobaini. Nusu kilo ya kokwa za mbegu zilizotwangwa, lita 10 za maji, zilale usiku kucha, chuja, tia kipande kidogo cha sabuni ili dawa ishike jani. Nyunyiza jioni, chini ya majani wanakojificha, kwa sababu jua huiharibu dawa hiyo. Rudia kila wiki. Konokono wakubwa wa masika watafute usiku kwa tochi, usiwashike kwa mkono mtupu, uwatumbukize ndoo ya maji ya sabuni. Usiwamwagie chumvi juu ya tuta, chumvi tuliyo nayo yatosha. Na kunguru hung'oa miche kwa uchokozi tu, hata hawaili. Wiki mbili za mwanzo tandaza wavu wa zamani wa kuvulia juu ya vijiti.

Mwaka huu matuta mawili na magunia matatu, si zaidi. Ukubwa huo mtu mmoja mwenye kazi ya mchana anaumudu kwa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na nyumba ya watu wanne itapata mboga karibu kila siku. Tuta la tatu lingoje uone maji ya kisima yatakuwaje Januari.

Mbegu za huko usibebe. Kuingiza mbegu nchini kunataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na isitoshe, aina zile zilichaguliwa kwa siku ndefu za kiangazi chao, kitunguu cha Uskoti hapa kitatoa majani bila kichwa. Zetu utazipata kwenye maduka ya agroveti, na tarehe ya pakiti uisome kabla ya kulipa. Ukiwa na nafasi mkobani, niletee makasi ya kupogolea na kichwa cha kumwagilia chenye matundu madogo sana, cha shaba ukikipata. Vya plastiki hupasuka kwa jua kabla mwaka haujaisha.

Kaka yako nimeshampa mtaimbo. Jumamosi anaanza kupiga matundu, na akimaliza atakuandikia ni wapi jiwe liko karibu.

Mamako