Kile chombo kidogo kilichozibwa

Chennai, India

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Mama yako anaendelea vizuri. Mshono umekauka, anatembea ujiani asubuhi na jioni akiwa amemshika mkono mama yako mdogo, na jana alilalamika kwamba chai ya hapa ina maziwa mengi mno. Nilipomsikia analalamika, moyo wangu ulitulia.

Nakuandikia kuhusu lile gunia la vyombo chakavu vya shaba ulilolinunua kwa kilo ukanitumia picha zake, kwa kuwa simu ilikatika kabla sijamaliza, na mengine hayasemeki kwa simu. Naanza na lile nililokuambia kwa kupiga kelele, na unisamehe kwa zile kelele. Kile chombo kidogo cha shaba nyekundu kilichozibwa mdomo, ambacho ukikitikisa unasikia maji ndani, usikitie motoni. Unajua mwenyewe tone moja la maji linavyofanya kwenye kalibu ambayo haikukauka. Maji yaliyofungiwa ndani ya shaba, ukayatumbukiza kwenye chungu cha kuyeyushia, hayana pa kutokea. Yatapasua kila kitu na shaba ya moto itakurukia usoni wewe na vijana walio karibu nawe. Hata ungekuwa hujui lolote kuhusu dini ya mwenye chombo, hilo peke yake lingetosha kukuzuia.

Sasa jua pia ni maji gani. Ni maji ya mto Ganga, mto mtakatifu kwao. Wahindu wakienda Haridwar au Varanasi, miji iliyo kando ya mto huo, huyachota wakayatia kwenye lota, yaani chombo cha maji, ndogo kama hiyo, mdomo ukazibwa kwa lehemu, wakarudi nayo kwao, hata kama kwao ni ng'ambo ya bahari. Hukaa nyumbani miaka. Mtu anapokata roho hufunguliwa, naye akatiwa matone kinywani. Kwa hiyo mwenye chombo hicho alikuwa amemwekea mzazi wake, au amejiwekea mwenyewe, kwa ajili ya saa ile. Wewe ungekuta dumu la Zamzam ndani ya gunia la vyuma chakavu, ungelimwaga?

Mfalme wa Jaipur, Madho Singh wa Pili, alipokwenda Uingereza mwaka 1902 kwenye kutawazwa kwa Edward wa Saba, alisafiri na maji hayo hayo ndani ya mitungi ya fedha, kila mmoja kilo 345. Mitungi hiyo ipo mpaka leo kwenye kasri la Jaipur. Uzito wote huo wa fedha, kubebea maji ya mto. Chako kina uzito wa embe, lakini kazi yake ni ile ile.

Nimeziangalia picha zako moja moja, nyingine nimewaonyesha mafundi wa huku. Juma lililopita, mama yako alipopata nafuu, nilipanda treni kwenda Kumbakonam, kilomita kama 300 kusini ya hapa. Nilitaka kuwaona wasubu shaba wa huko, mafundi wanaoimimina kwenye kalibu, kabla sijarudi kwenye karakana yetu ya Gerezani, Dar es Salaam, maana sioni kama Mungu atanileta tena.

Picha ya tatu umeandika: "Hiki kimetoboka chini, nikitie lehemu au nikiyeyushe?" Mwanangu, hakikutoboka. Kilitobolewa. Angalia tena tundu lenyewe: liko katikati barabara, duara kamili, kingo laini. Kutu haitoboi hivyo. Wanakiita dharapatra. Hutundikwa kwa minyororo au huwekwa kwenye kigoda cha miguu mitatu, juu ya linga, lile jiwe la mviringo ambalo ndilo alama ya mungu wao Shiva hekaluni. Kinajazwa maji, na maji yanashuka tone kwa tone juu ya jiwe. Fundi aliyekitengeneza alilipima lile tundu. Likizidi, maji yanakwisha mapema. Likipungua, linaziba kwa taka kidogo tu. Ukilijaza lehemu umeua kazi ya mtu aliyejua alichokuwa anafanya.

Kengele usiichanganye na shaba nyingine hata kama ingekuwa yetu. Igonge kwa ukucha, kisha igonge ile lota kubwa, usikilize. Shaba ya kengele ina bati nyingi, karibu sehemu 1 kwa 4 za shaba nyekundu, ndiyo maana sauti yake inakaa hewani. Ukiitia kwenye chungu cha koki zetu utapata koki zinazovunjika kama biskuti. Yule mwenye mabawa juu ya mpini, aliyeunganisha viganja, ni Garuda, anayembeba mungu wao Vishnu. Angekuwa fahali aliyelala, ni Nandi wa Shiva. Pujari, yaani kuhani wa hekalu, huipiga kwa mkono wa kushoto anapoanza ibada, na tena wakati wa arati, ibada ya kuzungusha taa. Maana yake kwao ni kuita uungu uje na kufukuza visivyotakiwa.

Kikombe na kile kijiko chembamba ulichodhani ni cha kuchotea asali, hivyo ni mtu na pacha wake, usivitenganishe. Panchapatra na achamani. Ndani hukaa maji yenye majani ya tulasi, ndugu wa mrihani wetu. Pujari humtilia mtu kijiko kimoja kwenye kiganja cha kulia, naye akanywa, na unyevu uliobaki akajipaka kichwani. Ndiyo maana kijiko kimelika upande mmoja. Hicho si kibovu. Kimehudumia watu wengi.

Kile kisahani chenye mpini na vikombe vitano ni taa ya arati. Tambi hulowekwa samli, zikawashwa, na taa ikazungushwa taratibu mbele ya sanamu. Nyingine huwa na kikombe kimoja tu cha kafuri. Kafuri hiyo hiyo tunayowatia maiti wetu. Inapendwa kwa sababu ikiungua haiachi jivu. Baadaye taa hupitishwa kwa watu, kila mmoja akapitisha viganja juu ya moto na kujigusa macho. Niliyaona hayo kutoka uani. Mahekalu mengi ya huku yana mpaka ambao asiye Mhindu havuki, nami sikuvuka wala sikuona vibaya. Nilisimama na viatu mkononi. Nyuma, penye bomba, walikuwapo vijana wawili wakisugua vyombo vya asubuhi kwa ukwaju. Ukwaju, mwanangu, kama bibi yako alivyosugua sinia lake siku mbili kabla ya Idi. Nikatazama mpaka wakamaliza.

Kumbakonam yenyewe jina lake linatokana na mtungi. Wanasimulia kwamba dunia ilipogharikishwa, mtungi wenye mbegu za uhai ulielea ukafika pale, Shiva akaupasua kwa mshale. Kumbha ni mtungi. Ule mtungi wako mnene wenye shingo fupi, wenye bonyeo ubavuni, ndio kalasha: hutiwa maji, mdomoni hupangwa majani ya mwembe, juu yake nazi. Bonyeo usiligongegonge kulinyoosha. Mwenyewe akitaka, atasema.

Kutoka hapo nilipanda basi hadi Nachiarkoil, kijiji cha mafundi taa. Laiti ungekuwapo. Kalibu zao ni za mchanga wa mto Kaveri, mchanga laini kama unga wa dengu, ukiufinya unabaki na alama za vidole. Taa yao ya kusimama, kuthuvilakku, haisubiwi kwa mkupuo. Ni sehemu nne: kitako, nguzo, bakuli la mafuta lenye midomo ya tambi, na kichwa, mara nyingi ndege. Kila sehemu inasubiwa peke yake, inakerezwa, kisha zinaungana kwa hesi. Fundi mmoja alinipa kichwa kilichotoka kwenye mchanga muda ule, bado kina joto. Nilikishika, nikashindwa kusema naye.

Nikueleze kwa nini. Nilipokuwa na umri wako, bado najifunza kwa bwana wangu, iliingia taa kama hiyo haina kichwa. Tuliinunua kwa kilo, hatukuuliza. Nikaiyeyusha mimi, kwa mikono yangu. Siku ya tatu akaja mama mmoja wa Kihindu, mtu mzima, ameshika ndege wa shaba amemfunga kwenye leso. Taa ilikuwa imeibwa nyumbani kwake, mwizi akaangusha kichwa mlangoni. Akauliza kama tumeuona mwili wake. Bwana wangu akasema hapana. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya koki 12 zilizotoka kwenye taa ile, nikanyamaza. Akamfunga tena ndege wake akaondoka. Sijakusimulia miaka yote hii kwa sababu ya aibu.

Ndiyo maana nilipiga kelele kwenye simu.

Usidhani nakuambia kwamba kuyeyusha ni haramu kwao. Nilimwuliza yule fundi wa Nachiarkoil, akanionyesha pembeni lundo la taa kuukuu. Zikipasuka, watu huzileta, zinapimwa, zinayeyushwa, zinarudi kuwa taa. Lakini huzileta wenyewe. Sisi gunia letu limeletwa na nani? Yule mzee wa mkokoteni kasema limetoka kwenye nyumba inayovunjwa. Huenda wazee wamefariki, watoto wako Leicester au Toronto, na mtu kaambiwa safisha chumba. Huenda mjukuu mmoja anakitafuta kile kilichozibwa sasa hivi.

Wakati wa kurudi nilishuka Thanjavur, penye hekalu kubwa alilolikamilisha mfalme Rajaraja wa Kwanza mwaka 1010. Mawe ya chini ya kuta zake yamechongwa maandishi pande zote. Nilidhani ni dua. Kijana mmoja mwenye kusoma Kitamili cha zamani akanisomea kipande: ni orodha ya vyombo na mapambo, kila kimoja na aliyekitoa, na uzito wake ulivyopimwa kwa jiwe la mizani la hekalu, nalo lina jina lake, Adavallan. Miaka elfu moja na zaidi, na uzito wa sahani bado unasomeka ukutani. Nikaikumbuka mizani yetu pale mlangoni. Sisi pia tunapima, lakini tukishapima hatuandiki kilikuwa nini wala cha nani. Nikirudi tutaweka daftari. Kila gunia litakaloingia: limetoka wapi, lina nini ndani, nani kaleta. Litatuchelewesha, najua, na wengine watapeleka mzigo wao kwa jirani.

Sasa fanya hivi. Vyombo vya shaba vioshe kwa ukwaju na maji, uvikaushe kwa kitambaa. Usitumie tindikali wala brashi ya waya. Lile kombe la baharini ulilolitupa kando kwa kuwa si chuma, lile ndilo shanka, baragumu lao. Lioshe kwa maji matupu na usiliweke chini sakafuni, liwekee kitambaa. Kile kilichozibwa usikisugue kwa nguvu penye lehemu. Kisha mtafute mzee wa mkokoteni akuonyeshe hiyo nyumba, uwaulize majirani. Ukikosa mtu, nenda Kisutu kwenye hekalu, asubuhi, vua viatu, mwombe pujari aje mlangoni. Mwambie ukweli ulivyo, kwamba ulinunua kwa kilo na hukujua. Mpe kwa mkono wa kulia. Na ile methali ya Baniani na kiatu chake, mnayoitaja hapo kila mteja wa Kihindi anapoondoka, sitaki kuisikia tena karakanani.

Usipokee fedha. Uliyolipa ni hasara yangu, itoe kwenye sehemu yangu ya mwezi huu. Akikuambia viyeyushe, basi viyeyushe, kengele peke yake, na uniandikie.

Mama yako anakusalimia, anasema usisahau kumpelekea bibi dawa zake Ijumaa. Tutaondoka hapa inshallah baada ya majuma mawili. Mpaka utakapopata wa kumkabidhi, kile kidogo kilichozibwa usikiache karakanani penye watu. Kipeleke nyumbani, ukiweke juu ya kabati letu, kando ya Zamzam aliyotuletea shangazi yako.

Baba yako