Barua ya Wazi kwa Wahamasishaji wa Afya ya Jamii nchini Kenya

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa muuguzi mstaafu, kwa sababu ninyi ndio mnaobisha hodi kwenye milango ambayo daktari hafiki. Tangu mlipokabidhiwa mikoba yenu Septemba 2023, mmepima shinikizo la damu na kufuatilia wajawazito kwa moyo wote. Nawasihi bidii hiyo hiyo muielekeze kwa mtu aliyejaribu kujitoa uhai, hasa akisharuhusiwa kurudi nyumbani, maana majuma ya mwanzo yana hatari kubwa, na ndipo majirani wanapomkwepa.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi tano, zikiwemo India, Sri Lanka na Brazili, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia watu 1,867 waliotibiwa baada ya kujaribu kujiua. Miongoni mwa wale waliokaa na mshauri kwa saa moja, kisha wakatembelewa au kupigiwa simu mara tisa katika miezi 18, waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 0.2, miongoni mwa waliopata matibabu ya kawaida tu, asilimia 2.2. Kazi hiyo mnaiweza kuliko wengi, kwa kuwa mnaishi kijiji kimoja na mgonjwa.

Mkifika, msianze kwa mahubiri. Mjulieni hali, kaeni naye faragha, kisha mwulizeni waziwazi: "Je, bado unawaza kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo asilokuwa nalo, aghalabu humpa nafasi ya kutua mzigo. Akikiri, asiachwe peke yake hata kidogo: ndugu anayemwamini akae naye huku mkimpigia msimamizi wenu wa zahanati, au namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo hailipiwi. Dawa za kunyunyizia mimea ziondoke nyumbani humo siku hiyo hiyo, kwa kuwa hamu ya kufa mara nyingi hupanda ikashuka, na aliyevushwa saa hiyo huweza kuishi miaka mingi.

Najua familia nyingi zilificha kwa kuogopa polisi, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Litangazeni hilo kwenye mabaraza ya chifu. Yale mtakayoambiwa chumbani, lakini, yasifike kisimani.

Na mkisikia kuna mgonjwa wa namna hiyo wodini, pangeni naye siku ya ziara ya kwanza kabla hajatoka.