Kabla ya kuwasha kompyuta ya zamani, kata betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua niwaeleze jambo vijana, na wazee wasiotaka kubaki nyuma, walioingiwa na hamu ya kufufua kompyuta za zamani baada ya kuangalia video za mtandaoni. Chaneli kama The 8-Bit Guy, LGR na Adrian's Digital Basement zimefanya watu waanze kuulizia stoo za shule, za ofisi na hata kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Sina ugomvi na video hizo. Wanaozitengeneza wanaijua kazi. Tatizo ni kwamba mashine inayotengenezwa mle mara nyingi siyo iliyoko stoo kwetu, na anayefuata hatua zile zile anaweza kuua kitu ambacho kingepona.

Nyota wa video hizo ni Commodore 64 na ZX Spectrum, zote za mwaka 1982. Zilikuwa kompyuta za nyumbani, zikichomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Sisi tulikuwa wapi? Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kwa hiyo ukikuta Commodore 64 Dar es Salaam, umekuta kitu adimu. Kilichojaa stoo ni PC za baadaye, yaani 386, 486 na Pentium (zinaitwa kwa jina la chipu yake kuu), zilizoingia baada ya katazo kulegezwa, nyingi zikiwa zimeshatumika ng'ambo.

Ugonjwa wa Commodore 64 unajulikana: pawasaplai yake, ambayo ndani imejazwa gundi ngumu, ikichakaa hupandisha ile volti 5 na kuunguza chipu za kumbukumbu. Ndiyo maana kwenye video wanahimiza pawasaplai ipimwe kwanza. Ni ushauri mzuri kwa mashine ile. PC ya mwaka 1991 ina adui mwingine, naye anakula hata kama mashine haijaguswa kwa miaka ishirini. Adui huyo ni betri.

Fungua kasha la 386, au la 486 za mwanzo, utazame karibu na tundu la kibodi. Utaona kipipa kidogo, mara nyingi cha bluu au kijani, kimeandikwa volti 3.6. Ni betri ya nikeli na kadimiamu, kazi yake kutunza saa na mipangilio umeme unapozimwa. Ikizeeka huvuja alkali. Alkali hiyo hupenya chini ya rangi ya bodi, ikala njia za shaba, ikapanda hadi kwenye nafasi za kadi na soketi za chipu. Unyevu wa pwani huongeza kasi. Kwa kuwa betri inakaa jirani na chipu ya kibodi, dalili ya kwanza mara nyingi ni mashine kuwaka vizuri kisha kulalamika kwamba haioni kibodi. Mtu ananunua kibodi nyingine, halafu nyingine tena, kumbe njia ya shaba imekatika chini ya kutu ya kijani.

Kwa hiyo usichomeke umeme kwanza. Vaa glavu na miwani, piga picha bodi pande zote, kisha kata miguu ya betri kwa mkasi wa nyaya. Usiivute wala kuizungusha, maana pedi za shaba zilizoliwa hubanduka nayo. Chukua siki nyeupe ya asilimia 5, paka sehemu iliyochafuka kwa mswaki laini, acha dakika chache, sugua, rudia hadi kijani kiishe na povu likome. Suuza kwa maji yaliyochujwa, yale safi ya kuongezea kwenye betri ya gari (soma chupa vizuri, asidi huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo). Malizia kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi ili ifukuze maji chini ya chipu, kisha kausha kivulini mbele ya feni kwa siku nzima.

Wapo wanaomwagia magadi kwa sababu waliona fundi wa magari akifanya hivyo. Betri ya gari ina asidi, na magadi huizima. Hii ya kwenye bodi inavuja alkali, na magadi nayo ni alkali, kwa hiyo hayasaidii kitu. Limao ni asidi kweli, ila linaacha sukari na nyuzi kwenye bodi. Siki ni rahisi na inatosha.

Bodi ikishakauka ndipo kazi ya fundi inaanza. Weka mita ya kupimia umeme kwenye mlio (inalia njia ikiwa nzima), fuata kila njia iliyopita eneo lililoliwa, mwanzo hadi mwisho. Usiamini macho, njia inaweza kuonekana nzima huku imekatika kwa ufa usioonekana, hasa pale inapoingia kwenye tundu la kupitia upande wa pili wa bodi. Iliyokatika, kwangua rangi kidogo kwa ncha ya wembe hadi shaba ing'ae, ulehemu waya mwembamba wa milimita 0.25 kutoka mguu wa chipu hadi mguu wa chipu. Lehemu iliyogeuka kijivu haitayeyuka hata ukiikandamiza na pasi ya kulehemu, kwa sababu juu yake kuna tabaka la oksaidi. Usipandishe joto, utang'oa pedi. Iongezee flaksi (dawa ya kusafishia lehemu) na lehemu mpya kidogo, itakubali.

Sasa betri mbadala. Kosa ninaloliona zaidi kuliko yote ni kulehemu CR2032, ile betri bapa kama sarafu, mahali pa ile ya zamani. Bodi hizo zina sakiti ya kuchaji, kwa sababu betri ya awali ilikuwa ya kuchajiwa. CR2032 ni lithiamu isiyochajiwa. Ukiisukumia umeme inaweza kuvuja au kupasuka. Weka dayodi (kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) katikati, mstari wake ukielekea kwenye bodi, ili umeme utoke kwenye betri usirudi. Dayodi ya kawaida ya 1N4148 inapunguza volti, na betri ikichoka kidogo tu saa inasimama. Ya aina ya Schottky kama BAT85 haipotezi nyingi kama hiyo. Njia salama zaidi, kama bodi ina pini nne zilizoandikwa betri ya nje, ni kuchomeka kishikio cha betri tatu za AA na kuhamisha jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) kwenda upande wa betri ya nje. Mara nyingi pini ya 1 ni chanya na ya 4 ni hasi, lakini pima kwanza: pini hasi italia mita ikiguswa pamoja na waya mweusi wa pawasaplai. Kishikio kifungwe mbali na bodi, chini ya kasha, ili betri za AA nazo zikivuja zichafue bati tu.

Bodi kadhaa za 486 na Pentium hazina kipipa. Zina chipu nene nyeusi iliyoandikwa Dallas DS12887, ambayo betri yake ya lithiamu imezikwa ndani. Haivuji, inakufa tu. Wasioweza kupata nyingine hukwangua ubavu wa chipu, juu ya miguu ya 16 na 20, hadi vipande vya chuma vionekane, wakakata muunganiko wa betri ya ndani na kulehemu kishikio cha CR2032: chanya kwenye 20, hasi kwenye 16. Hapa dayodi haihitajiki.

Nikija kwenye umeme wenyewe, hapa ndipo video za Marekani zinapoweza kumponza Mtanzania. Nyuma ya pawasaplai nyingi za zama hizo kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Kule kwao, mwenye kusahau swichi kwenye 230 hupata mashine isiyowaka, basi. Huku kwetu, mashine iliyotoka Marekani ikiwa bado kwenye 115 na ukaichomeka ukutani, zile kapasita mbili kubwa za volti 200 zinapokea zaidi ya volti 300 kila moja. Matokeo ni mlipuko, moshi na fyuzi iliyokatika. Angalia swichi hiyo kwa macho yako, hata kama muuzaji ameapa.

Halafu swichi ya mbele. Kwenye makasha ya zamani ya aina ya AT, swichi ya kuwashia haitumi ishara ndogo kama ya leo. Umeme wa ukutani wenyewe, volti 230, unapita kwenye waya nene kutoka pawasaplai hadi uso wa kasha. Plastiki inayofunika miguu ya swichi hiyo ikiwa imetoka, ukigusa ndani kwa mkono unapigwa na shoti ya kweli. Kuzima swichi hakutoshi, kwa kuwa waya mmoja bado una moto, chomoa plagi. Na plagi mbili za bodi, P8 na P9, zinafanana na zinaingia popote. Nyaya nyeusi za plagi zote mbili lazima zikutane katikati. Ukizigeuza, bodi imekwenda na hakuna siki itakayoirudisha.

Mashine ikiwaka na kuandika "CMOS checksum error", yaani mipangilio iliyotunzwa na betri imepotea, usikimbilie kusema hadidiski imekufa. Betri ilipokwisha, bodi ilisahau hadidiski ina silinda, vichwa na sekta ngapi. Namba hizo ziko kwenye lebo ya hadidiski yenyewe. Ziingize kwenye mipangilio, aina ya "user". Disk nyingi zilizotupwa zilikuwa nzima, hazikuandikiwa namba tu. Ikianza kusoma, nakili kwanza kilichomo kabla ya kuanza michezo, maana za shule na ofisi zinaweza kuwa na kumbukumbu zisizokuwepo popote pengine. Ikiwa imekufa kweli, kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash yenye adapta ya IDE (plagi ya hadidiski za zama hizo) inakaa mahali pake bila chipu ya kutafsiri. Kumbuka tu kwamba bodi nyingi za 486 zinakomea silinda 1024, vichwa 16 na sekta 63, yaani megabaiti 528. Kadi ya gigabaiti 4 itaonekana ndogo, si mbovu.

Mambo madogo. Kadi za kumbukumbu (RAM) za pini 30 kwenye 486 huwekwa nne nne, za pini 72 kwenye Pentium mbili mbili; ukiweka pungufu mashine haitoi picha. Meno yake yasafishwe kwa kifutio cha penseli kisha alkoholi. Kibodi ya plagi ndogo ya mviringo inafanya kazi kwenye tundu kubwa kwa adapta ya kawaida, za USB nyingi hazifanyi kazi. Monita ya zamani ya kioo kizito usiifungue kabisa: bomba lake hubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa. Tumia monita bapa yenye tundu la VGA, ila chagua inayokubali maandishi ya DOS (mfumo endeshi wa zama hizo) ya nukta 720 kwa 400, kwa sababu baadhi huyakataa. Disketi yenye ukungu usiiingize kwenye mashine. Ukungu hubaki kwenye kichwa na kukwaruza disketi nzima inayofuata.

Kuhusu kung'arisha plastiki iliyogeuka manjano kwa peroksaidi ya saluni ya asilimia 12 na jua: inafanya kazi, na jua tunalo. Lakini krimu ikikauka sehemu inaacha michirizi isiyofutika, kwa hiyo funika kwa nailoni na ugeuze mara kwa mara. Na manjano hurudi. Binafsi naona ni jambo la mwisho kabisa. Kasha jeupe lenye bodi iliyooza ni pambo.

Ombi langu kwa wanaorekodi video kwa Kiswahili: muonyeshe kukata betri, kupima njia na kuangalia ile swichi nyekundu, hata kama watazamaji wanataka kuona mashine ikiwaka. Na kwa maofisa ugavi wenye PC za aina hiyo stoo, hata kama hamjaamua kuziuza au kuzitunza, fundi mmoja mwenye bisibisi na mkasi wa nyaya anaweza kukata betri moja kwa dakika kumi. Anakili namba za hadidiski kwenye karatasi na kuibandika juu ya kasha kabla hajalifunga.

Fundi wa kompyuta,
Ilala, Dar es Salaam